Alfajiri ya Baridi Lushebere: Mbio Zinazodai Amani Kuliko Viatu

Kati ya Juni na Agosti, mvua inapokatika katika milima ya Masisi, usiku huwa na nyota tele na asubuhi huwa kali. Lushebere, kijiji kilicho kilomita chache kabla ya Masisi-kati kwa mtu anayepanda kutoka Goma, huamka kimefunikwa na ukungu. Mabati yanadondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Ng'ombe wamesimama malishoni, pumzi zao zinaonekana. Mama anayeshuka mtoni na bidoni ya njano amejitanda vikwembe viwili, na mtoto wa shule amevuta mikono ya sweta mpaka vidole vimepotea ndani. Anayekatiza malisho bila bote hufika ng'ambo suruali imelowa hadi magotini.

Theluji hakuna, wala majira ya baridi ya Ulaya hayafiki hapa, kwani Lushebere haijafika hata digrii mbili kusini mwa ikweta. Lakini mwambie mtu wa huku kwamba Afrika ni bara la joto, atakuuliza jana ulilala wapi.

Saa hiyo hiyo, kwenye milima ya Kenya na Uganda inayokaribiana na hii kwa mwinuko, vijana wako barabarani kwa makundi. Wamevaa kofia na glavu, wanakimbia pembeni mwa mashamba ya mahindi kabla jua halijachomoza, na hakuna anayewashangaa. Lushebere nako barabara ina watu mapema, ila wengi wanatembea, na anayekimbia huvuta macho. Ni vizuri kuuliza sababu. Hewa ya mbio ipo, njia za udongo zipo, na miguu ya watu wa Masisi ilizoea vilima zamani. Kinachokosekana ni kitu ambacho mkimbiaji wa nchi tulivu hakikumbuki hata mara moja anapofunga kamba za viatu: uhakika kwamba akitoka atarudi, na akirudi atakuta mlango wake na watu wake pale pale alipowaacha.

Baridi inatoka wapi

Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua joto kwa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Sake, mji mdogo ulio kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, barabara huacha ziwa na kuanza kupanda kwa kona za ghafla kuelekea Mushaki. Juu huko vilima hupita mita 2,000. Msafiri aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam akafika huku amepoteza digrii kumi na zaidi, hata kama jua ni lile lile.

Mwinuko peke yake hautoshi kueleza makali ya alfajiri. Mchana ardhi hupokea joto, usiku huliachia lipande angani. Mawingu yakiwepo, sehemu ya joto hilo hurudishwa chini. Kiangazi mawingu ni machache, hivyo joto hutoroka na ardhi hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa inayogusana na ardhi hiyo nayo hupoa, huwa nzito, kisha huteremka polepole mabondeni ikifuata njia za maji. Ndiyo maana anayetoka nyumbani kwake kilimani na kushuka hadi kijito huhisi baridi ikizidi badala ya kupungua. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa, ambacho hukaa karibu kimo cha mtu, kinaweza kusoma digrii kadhaa juu ya sifuri huku majani yaliyo chini yake yakiwa yameshafika sifuri.

Hapo ndipo jalidi huzaliwa, ule unyevu unaoganda juu ya nyasi na kulia chini ya kiatu. Masisi kwa kawaida ni nchi ya umande na ukungu zaidi kuliko jalidi. Lakini Afrika Mashariki inaijua jalidi vizuri, na mara nyingi inaijua kwa hasara. Januari 2012 jalidi iliunguza majani ya chai katika milima ya magharibi mwa Kenya, na wachumaji wakabaki bila kazi wakisubiri michai ichipue upya. Kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, asubuhi za Juni na Julai huweza kukuta nyasi zimeganda. Na mkazi wa Goma akitazama kaskazini-mashariki baada ya usiku wa baridi, mara moja moja huona kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, kimekuwa cheupe.

Mapafu hayagandi

Wazazi wengi huwakataza watoto kukimbia alfajiri kwa hofu ya nimonia. Hofu hiyo imekosea adui. Nimonia huletwa na vijidudu, si na hewa ya asubuhi, na mapafu ya mtu mzima mwenye afya hayawezi kuganda kwa baridi ya Masisi wala ya mahali pengine baridi zaidi ya hapo. Hewa inapopita puani na kooni hupashwa moto na kutiwa unyevu, hivyo inapofika ndani ya kifua imekaribia joto la mwili. Kinachochoma koo ni ukavu. Hewa baridi hubeba unyevu kidogo, na mkimbiaji anayehema kwa nguvu huivuta kwa wingi kuliko njia za hewa zinavyoweza kuilainisha. Mwenye pumu ndiye wa kuchukua tahadhari. Aanze polepole, ajifunike pua na mdomo kwa kitambaa, na dawa yake ya kuvuta isikae mbali.

Kuna hatari mbili za alfajiri ambazo wageni huwa hawazitaji, na zote mbili huletwa na ile hewa nzito iliyotulia chini. Ya kwanza ni moshi. Kuni na makaa vinapowashwa jikoni kabla ya mapambazuko, moshi hupanda kidogo, hukutana na hewa ya juu iliyo na joto zaidi, hushindwa kupita, kisha hujitandaza juu ya kijiji. Anayekimbia bondeni saa kumi na mbili anavuta moshi wa jiko la kila nyumba. Akipanda mteremko mita mia moja tu, hewa husafika.

Ya pili inawahusu zaidi wanaoishi karibu na volkano, kuanzia Goma hadi Sake na kando ya ziwa. Huko watu wana jina la hewa inayoua bila kuonekana: mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kukusanyika katika mashimo na mabonde madogo kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Usiku na alfajiri, upepo unapokuwa umelala, hujaa zaidi. Mbuzi hufa humo, na watu pia. Lushebere iko mbali na miamba ya volkano hiyo, lakini kijana wa Sake anayetaka mbio za asubuhi hana budi kuwauliza wenyeji ni mashimo gani ya kuepuka, na asilale chini kunyoosha misuli mahali palipozama.

Mengine ni ya kawaida kwa kila anayekimbia kwenye baridi. Misuli iliyopoa haivutiki vizuri, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo ni za kutembea kwa kasi na kukimbia taratibu, na mteremko mkali usubiri mwili upate moto. Nguo mbili nyepesi zinazovulika njiani hushinda koti moja zito. Viganja na masikio hupoteza joto upesi, na soksi kuukuu mikononi hufanya kazi ya glavu. Kiu hujificha wakati wa baridi ingawa mwili unaendelea kupoteza maji kwa pumzi na jasho, kwa hiyo ni bora kunywa kabla ya kutoka kuliko kungoja koo lidai. Chai yenye tangawizi kabla, mashanza na viazi baada, basi mwili una karibu kila unachohitaji.

Wakati nao unahesabiwa. Katika nchi za majira manne baridi inaweza kukaa mchana kutwa kwa miezi. Karibu na ikweta jua huchomoza kwa haraka, na katika saa za Kongo mashariki hilo hutokea karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ikifika saa mbili umande umeanza kukauka, na saa nne jua la milimani linachoma shingo. Mkimbiaji wa Masisi ana dirisha la saa mbili hivi, kuanzia mwanga wa kwanza, na dirisha hilo ni zuri mno. Mbio ndefu hupenda baridi. Waandaaji wa jaribio la Mkenya Eliud Kipchoge la kumaliza marathoni chini ya saa mbili mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, walitenga siku kadhaa ili wachague asubuhi yenye hali ya hewa nzuri, na alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 katika ubaridi wa digrii 10 hivi. Waandaaji hao waliitafuta hali hiyo kwa wataalamu na mitambo. Wakulima wa Masisi hupewa ya namna hiyo bure, kisha huilalamikia.

Milima iliyozaa mabingwa

Dunia iliamka kuhusu mwinuko mwaka 1968, Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000, Kipchoge Keino akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali katika mita 1,500, na Amos Biwott akachukua mbio za kuruka viunzi na maji. Michezo hiyo hiyo ilimpa John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu huko Tanzania, nafasi yake katika kumbukumbu ya dunia. Alimaliza marathoni wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, giza limeshaingia.

Maelezo ya kisayansi ni mafupi. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni takriban asilimia 78 ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Figo hulitambua pengo hilo na kutoa homoni inayouchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Anayeishi na kukimbia juu kwa miaka hushuka bondeni na damu inayobeba oksijeni nyingi. Iten, mji wa Kenya uliojaa wakimbiaji, uko kwenye mita 2,400. Vilima vya Kapchorwa, vilivyomlea Joshua Cheptegei aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 12:35.36 mwaka 2020, viko kwenye mabega ya Mlima Elgon. Arusha, chini ya Mlima Meru, ndiko anakofanyia mazoezi Alphonce Simbu wa Tanzania, bingwa wa dunia wa marathoni tangu Septemba 2025 kule Tokyo. Ukiweka milima ya Masisi kwenye orodha hiyo kwa mwinuko tu, haioni haya.

Lakini mwinuko haukumtengeneza bingwa peke yake, la sivyo kila mlima wa Afrika ungekuwa na medali. Iten ilipata shule kwanza. Mwaka 1976 mtawa wa Ireland, Colm O'Connell, alifika katika shule ya wavulana ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Alikaa, akajifunza kazi kwa kuwatazama vijana, na mikononi mwake wakapita wengi hadi David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91. Kilichohitajika hapo kilikuwa mtu mmoja anayekaa mahali pamoja kwa miongo, na vijana wanaorudi kila asubuhi kwenye njia ile ile. Mazoezi ya mbio ndefu hujengwa kwa kurudia. Wiki tatu za mazoezi, mwezi wa kuhama, wiki mbili za mazoezi, mwezi mwingine wa kuhama: hesabu hiyo haizai mkimbiaji, hata angekuwa amezaliwa na mapafu ya ajabu.

Kirotshe, Ohio, Rio

Masisi ina ushahidi wake, nao haumo katika vitabu vya ndoto. Kirotshe ni kijiji cha kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara inayotoka Sake kwenda Minova, ndani ya eneo hilo hilo la utawala la Masisi. Huko ndiko chimbuko la Makorobondo Salukombo, ambaye Wamarekani humwita Dee. Familia yake ilikimbia vita, ikapitia ukimbizini Uganda, hatimaye ikapokelewa Cleveland, katika jimbo la Ohio.

Cleveland iko kando ya Ziwa Erie, na majira ya baridi ya huko ni ya kweli. Upepo hupita juu ya ziwa, huokota unyevu, kisha huumwaga mjini kwa sura ya theluji. Wastani wa joto la Januari ni chini ya sifuri. Katika shule za Marekani mbio za nyika huchezwa vuli, na anayetaka kuwa tayari kwa msimu wa masika hukimbia katikati ya theluji hiyo. Salukombo alikimbia shuleni, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Denison, kisha akafanya jambo ambalo wakimbizi wachache hupata nafasi ya kulifanya: akarudi Kirotshe na kuanzisha mradi wa kuwafunza vijana mbio.

Agosti 2016 matunda yalionekana Rio de Janeiro. Beatrice Kamuchanga, msichana aliyefunzwa katika mradi huo, aliiwakilisha Kongo katika mita 5,000. Salukombo mwenyewe alisimama kwenye mstari wa marathoni ya wanaume siku ya mwisho ya michezo, asubuhi ya manyunyu. Mstari huo ulistahili kutazamwa kwa makini. Alikuwapo Eliud Kipchoge, mtoto wa milima tulivu ya Nandi, aliyeshinda kwa saa 2:08:44. Alikuwapo Yonas Kinde, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akiishi Luxembourg, akikimbia chini ya bendera ya Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Na alikuwapo mtu wa Masisi ambaye vita vilimtoa, theluji ikamkomaza, na hiari ikamrudisha.

Matokeo ya siku hiyo yalimpa medali mmoja tu kati ya hao watatu. Lakini kwa mwalimu wa michezo wa Lushebere, hadithi ya Kirotshe ina thamani kuliko ile ya Iten, kwa sababu ilitokea kwenye udongo wake, kwa chakula chake, na kwa watoto wanaoongea lugha zake.

Wanaokimbia tayari

Anayesema watu wa Masisi hawana mazoezi hajawahi kufuatana nao kwenda sokoni. Mwanamke hupanda kilima na gunia la viazi mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, shingo na miguu vikigawana uzito. Watoto wa shule huteremka bonde na kupanda jingine mara mbili kwa siku, na anayechelewa hukimbia kwa sababu mwalimu yuko mlangoni. Vijana wa tshukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba makaa, maharagwe na mbao hadi Goma, husukuma mzigo mlimani kwa kilomita nyingi kisha huuachia mteremkoni na kuruka juu yake. Mapafu na mapaja yao yangemshangaza kocha yeyote.

Chakula nacho kipo. Maharagwe, viazi, mahindi, bukari, maziwa ya malisho ya Masisi na ile jibini ya duara inayojulikana Goma nzima. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa wamejengwa kwa ugali, mboga za majani na maziwa, na mkulima wa Masisi katika mwaka wa amani hapungukiwi na lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo tatizo halianzi na viatu. Viatu vizuri husaidia, hasa wakati barabara ya Sake kwenda Masisi inapogeuka tope zito masika na malori hulala njiani, na mkimbiaji anaweza kuvunjika kifundo cha mguu kwenye mfereji. Lakini kiangazi njia za ng'ombe juu ya vilima ni kavu, laini, na rafiki kwa magoti kuliko lami ya mji wowote.

Swali linaloulizwa mapema asubuhi

Kwa zaidi ya miaka 30 milima hii imepigwa na vita. Mapigano ya kikabila ya 1993 yalianzia upande wa Walikale na kuenea Masisi. Yakafuata majeshi ya 1996 na 1998, makundi ya wenye silaha yasiyohesabika, waasi wa CNDP, kisha wale wa M23 ya 2012, kisha M23 iliyorudi. Mwanzoni mwa Januari 2025 waasi hao waliingia Masisi-kati. Tarehe 27 mwezi huo huo walikuwa Goma, na Machi wakafika Walikale. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma, ambamo wengi walikuwa wametoka Masisi, zilibomolewa Februari na watu wakaambiwa warudi walikotoka, wengine kwenye nyumba zisizo na paa.

Katika historia ya namna hiyo mbio hubeba habari. Mtu akionekana anakuja kwa kasi kabla ya jua, walio mbele yake hawaulizi anafanya mazoezi ya kilomita ngapi. Wanaangalia nyuma yake. Mama huanza kuhesabu watoto, na godoro hukunjwa kabla hajafika. Mara nyingi sana aliyekuja hivyo ndiye aliyewaokoa. Wapo pia waliokimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na maelfu wakaelekea Sake na Masisi wakiwa na watoto mgongoni.

Mkimbiaji wa kujifurahisha hukutana na masharti mengine. Njia aliyoipenda jana leo ina kizuizi cha wenye bunduki. Kijana aliye peke yake kwenye ukungu anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi wa upande huu au wa ule. Msichana ana hofu iliyo nzito zaidi, na hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakisaidia tangu 2007, imewatibu wanawake wengi waliobakwa njiani kwenda shambani au kuokota kuni. Kumwambia msichana huyo kwamba mazoezi ya alfajiri ni mazuri kwa moyo ni kweli ya daktari isiyomfaa lolote bila ulinzi.

Hapo ndipo tofauti ya Iten na Lushebere inapoonekana wazi. Kilomita kumi za Iten ni duara, kwa maana mtu huondoka na kurudi nyumbani akanywe chai. Kilomita kumi ambazo familia nyingi za Masisi zimezikimbia zilikuwa za kwenda tu.

Mbio za kurudi

Wapo majirani waliotumia mbio kudai alfajiri yao. Mwaka 2003 Tegla Loroupe, Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda marathoni ya New York, alianzisha mbio za amani Kapenguria, kwenye nchi ya Wapokot, ambako wizi wa mifugo ulikuwa umeua wengi. Waliokimbia bega kwa bega walikuwa vijana wa jamii zilizokuwa zikivamiana. Loroupe huyo huyo ndiye aliyeiongoza timu ya wakimbizi Rio, baada ya kuwafundisha vijana wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma katika vilima baridi vya Ngong. Kwenye timu hiyo ya watu 10 walikuwamo wanajudo wawili wa Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika.

Kigali nao walianza Marathoni ya Amani mwaka 2005, miaka 11 baada ya mauaji ya kimbari. Barabara zilizokuwa na vizuizi vya kifo zilifungwa tena kwa asubuhi moja, safari hii ili watu wakimbie katikati yake bila kuulizwa kabila. Hakuna anayedai kwamba mbio ndizo zilizoiponya Rwanda, wala kwamba Wapokot na Waturkana hawagombani tena. Ila mbio zina nguvu moja ambayo mkutano wa hotelini hauna. Ili kilomita 10 zikimbiwe, lazima kila mwenye silaha aliye kwenye kilomita hizo akubali kukaa kando kwa saa mbili, mbele ya macho ya watu wote. Hilo linaweza kupimwa kwa saa ya mkononi, na likivunjwa kila mtu ameona nani kalivunja.

Masisi inaweza kuanza kwa kidogo kuliko Kigali. Mbio za shule kutoka Lushebere hadi Masisi-kati na kurudi hazihitaji mdhamini wa ng'ambo. Zinahitaji walimu wachache wenye filimbi, chokaa ya kuchora mstari, maji safi kwenye kona, muuguzi mmoja, na wazazi Wahunde, Wahutu, Watutsi na Watembo waliosimama njiani kuwashangilia watoto wasio wao. Zifanyike kiangazi, saa moja asubuhi, moshi umetawanyika na jua halijawa kali. Wasichana wakimbie kwa kundi, na njia itangazwe wiki kadhaa kabla ili asiwepo mwenye bunduki atakayesema hakujua.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, na haliwezi kuachiwa walimu. Wanaokutana katika miji kama Doha na Washington kuzungumza juu ya Kivu hupima mafanikio kwa saini, kwa maeneo yaliyoachwa na kwa tani za madini. Wangeongeza kipimo kingine kinachoeleweka na kila mtoto wa Lushebere: je, msichana wa miaka 15 anaweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili, akakimbia kilomita tano juu ya vilima, akarudi kuoga na kuwahi darasa? Siku jibu litakapokuwa ndiyo kwa mwezi mzima bila kukatika, makocha watakuja wenyewe, kwa sababu baridi na milima vilishawasubiri muda mrefu. Kabla ya siku hiyo, mkataba wowote utakaosainiwa utakuwa bado haujafika Masisi.